Vibanio, uzi na mkasi: namna ya kuuelewa mzunguko wa seli bila kuukariri

Kwa miaka mingi nilifundisha mzunguko wa seli kwa duara. G1 (seli inakua), S (inanakili DNA), G2 (inajiandaa), M (inagawanyika), mishale minne, rangi nne, na chini yake orodha ndefu ya majina ya protini. Wanafunzi walifaulu, nami nikajiona mjuzi. Siku moja binti mmoja aliyezoea kukaa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, umesema DNA inaanza kunakiliwa sehemu maelfu, na hazianzi zote kwa wakati mmoja. Sasa ile sehemu iliyokwisha kunakiliwa inajuaje kwamba zamu yake imepita? Kwa nini isinakiliwe tena?"

Nilimeza mate. Nikasema tutaliangalia kipindi kijacho, kauli ambayo kila mwanafunzi anaijua maana yake. Duara langu halikuwa na jibu, maana duara huonyesha kinachotokea tu, wala halionyeshi kinachozuiwa. Na sehemu kubwa ya kazi ya protini hizi ni kuzuia.

Njia ninayoieleza hapa niliitunga baada ya aibu ile. Tafuta meza tupu na saa moja na nusu. Andaa kamba mbili za rangi tofauti, kila moja ya mita moja hivi, vibanio vya nguo ishirini, vipande vyembamba vya karatasi na gundi vya kutengenezea pete, mkasi, uzi kidogo, karatasi ndefu na penseli mbili, nyeusi na nyekundu. Kitabu kifunge kwanza.

Chora mstari, achana na duara

Laza karatasi yako kwa mapana na uigawe kama siku moja ya saa 24. Kwa seli za binadamu zinazogawanyika haraka maabarani, G1 huchukua takribani saa 11, S saa 8, G2 saa 4, na M saa 1 tu. Seli nyingine ni za polepole zaidi, na tofauti kubwa huwa kwenye G1. Katikati ya karatasi, kutoka kushoto hadi kulia, piga mstari mwekundu.

Sasa chukua penseli nyeusi. Anza chini kabisa na ubaki chini karibu G1 yote. Mwishoni mwa G1 anza kupanda, uvuke mstari mwekundu pale S inapoanza, ubaki juu S na G2, uruke hadi kileleni mwanzoni mwa M, kisha katikati ya M uanguke wima kama jiwe kisimani. Mstari huu ndio nguvu ya CDK. Ukiuelewa huu peke yake, nusu ya mada umeimaliza.

CDK ni vimeng'enya vinavyobandika fosfeti kwenye protini nyingine, na fosfeti moja ikikaa mahali pake inatosha kubadili umbo la protini na kazi yake. Lakini CDK ikiwa peke yake haifanyi lolote. Inahitaji mwenzi anayeitwa saiklini. Kiasi cha CDK ndani ya seli hakibadiliki sana. Anayepanda na kushuka ni saiklini.

Jambo hili lilionekana mwaka 1982 huko Woods Hole, Marekani. Tim Hunt alikuwa na mayai ya mnyama mmoja wa baharini, wa mviringo na mwenye miiba mwili mzima. Mayai hayo yakisharutubishwa hugawanyika yote kwa pamoja, kama kwaya inayofuata fimbo moja. Aliyapa asidi amino yenye mnururisho ili kila protini mpya ijitambulishe, akawa anachota sampuli kila baada ya dakika chache na kuzitenganisha protini kwenye jeli. Ungetegemea kila mstari wa protini uzidi kukolea kadiri muda unavyokwenda, na mingi ilifanya hivyo. Mmoja ulikolea, halafu muda mfupi kabla ya yai kugawanyika ukatoweka. Ukaanza kukolea tena, ukatoweka tena. Protini ile ndiyo akaiita saiklini. Mwaka 2001 Hunt alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Leland Hartwell na Paul Nurse, ambao walikuwa wamefika kwenye CDK kwa njia nyingine kabisa, kwa kuchunguza hamira zilizoshindwa kugawanyika. Kikundi cha Nurse kilionyesha mwaka 1987 kwamba jeni la CDK la binadamu likiwekwa ndani ya hamira iliyoharibikiwa jeni lake, hamira inagawanyika kama kawaida. Binadamu na hamira! Mimi habari hiyo bado inanishangaza.

Kabla hujaendelea, jiulize kwa nini seli iisage saiklini badala ya kuizima tu. Protini iliyozimwa inaweza kuwashwa tena dakika ile ile. Iliyosagwa lazima itengenezwe upya, na kutengeneza kunachukua muda. Ndiyo maana mzunguko hauwezi kurudi kinyumenyume.

Bana vibanio

Nyoosha kamba moja mezani. Hii ni kromosomu yako, na bado tuko G1, chini ya mstari mwekundu. Chagua sehemu tano, na kila sehemu bana vibanio viwili vikiwa vimeelekeana. Kila kibanio ni pete ya MCM, iliyoundwa na protini sita tofauti zilizoshikana mikono kuizunguka DNA. Hazijibani zenyewe. Kwanza ORC inakaa kwenye DNA, Cdc6 inaungana nayo, kisha Cdt1 inaileta MCM na kuifungia pale. Pete mbili kila mahali, zikitazamana, zimelala.

Kwa nini sehemu nyingi? Piga hesabu hii kwa mkono wako, usiniamini tu. Kromosomu namba 1 ya binadamu ina jozi za besi milioni 248 hivi. Chukulia mashine ya kunakili inakwenda jozi 2,000 kwa dakika, nazo ni mbili, moja kila upande. Hiyo ni 4,000 kwa dakika. Ikianzia sehemu moja tu katikati, itahitaji dakika 62,000, yaani siku 43. Seli ina saa nane. Kwa hiyo seli nzima ya binadamu huanzia makumi ya maelfu ya sehemu, na hufunga pete nyingi kuliko itakazotumia. Zilizozidi ni akiba: mashine ikikwama, ya jirani inaamshwa.

Sasa andika kanuni hii kwa herufi kubwa juu ya karatasi yako, maana ndiyo jibu la yule binti: *chini ya mstari mwekundu unaruhusiwa kubana, huruhusiwi kuanza; juu ya mstari unaruhusiwa kuanza, huruhusiwi kubana.* Nguvu ile ile ya CDK inayoamsha pete ndiyo inayokataza pete mpya zisifungwe. Hakuna dakika ambayo ruhusa zote mbili zipo kwa pamoja.

Kuuvuka mstari

Seli haiamui tu kuuvuka mstari mwekundu. Ishara za ukuaji kutoka nje huongeza saiklini D, ambayo hushirikiana na CDK4 na CDK6. Hawa humwendea Rb, protini iliyoikumbatia E2F isifanye kazi. Rb ikibandikwa fosfeti huanza kulegeza, E2F inaponyoka na kuwasha jeni za kunakili DNA, likiwemo jeni la saiklini E. Saiklini E na CDK2 wanarudi kumalizia Rb. Umeona kilichotokea? Kutoka hapo ishara ya nje ikikatwa, seli inaendelea tu. Mahali hapo Arthur Pardee alipaelezea mwaka 1974. Weka alama ya X kwenye mstari wako mweusi, kidogo kabla haujagusa mwekundu.

Dawa za kuzuia CDK4 na CDK6 hutumika kwa aina fulani za saratani ya matiti, ya kwanza ikiwa imeidhinishwa Marekani mwaka 2015. Hufanya kazi hapo hapo kwenye X. Kwa hiyo zinahitaji Rb iwepo: uvimbe uliokwisha kuipoteza Rb hauna mlango wa kufungiwa.

Sogeza, usiongeze

Sasa uko S. Chukua jozi moja ya vibanio na uvitenganishe: kimoja kisogee kushoto, kingine kulia. Nyuma yao laza kamba ya pili sambamba na ya kwanza. (Ukweli ni kwamba kila nakala hubaki na uzi mmoja wa zamani na mmoja mpya. Kamba zangu hazionyeshi hilo, na sijapata kamba zinazoweza.) Kilichoziamsha pete ni vimeng'enya viwili, CDK na mwenzake DDK, vilivyowezesha Cdc45 na GINS kujiunga na MCM. Sasa MCM ni helikasi inayokimbia kwenye uzi mmoja ikiutenga na mwenzake. Nyuma yake polimerasi zinanakili, zikishikiliwa na PCNA, pete nyingine inayoteleza nazo zisidondoke. Uzi mmoja unanakiliwa moja kwa moja, wa pili vipande vipande vya nyukleotidi mia moja hadi mia mbili ambavyo ligasi huviunga. Vitabu vina kurasa nyingi juu ya hapa, nami napita, maana huku wanafunzi hawakwami.

Tazama vibanio badala yake. Kinachosogea kikikuta kilicholala, kilicholala kinang'oka. Viwili vinavyosogea vikikutana, vyote vinang'oka. Sogeza yote hadi mwisho, na ukimaliza una kamba mbili sambamba ambazo hazina kibanio hata kimoja. Iliyonakiliwa imepoteza kibali chake kwa kitendo chenyewe cha kunakiliwa. Na wewe uko juu ya mstari mwekundu, huwezi kubana kingine.

Seli haitegemei kufuli moja. Katika seli za binadamu, Cdt1 husagwa wakati wa S, na inayobaki hukamatwa na protini iitwayo jeminini, ambayo hukaa hadi katikati ya M. Kwenye hamira CDK yenyewe huivuruga ORC, huitoa Cdc6 isagwe, na huisukuma MCM nje ya kiini. Protini tofauti, katazo lile lile.

Mara tu kamba ya pili inapokaa, zungushia zote mbili pete za karatasi, tano au sita, na uzibane kwa gundi. Hizo ni kohesini. Wengi husahau kwamba huwekwa hapa, saa nyingi kabla ya seli kugawanyika.

Jipime kabla ya kuendelea. Mwaka 1970 Potu Rao na Robert Johnson waliunganisha mbili mbili seli za HeLa, yaani seli za saratani ya binadamu zinazokuzwa maabarani. Funika aya hii kwa mkono, utabiri kwa kutumia mstari wako tu: seli ya S ikiunganishwa na ya G1, kiini cha G1 kitafanya nini? Na S ikiunganishwa na G2? Kiini cha G1 kilianza kunakili mapema, maana kina vibanio na sasa kimepata nguvu. Kiini cha G2 hakikunakili tena, ingawa kilioga kwenye nguvu ile ile, maana vibanio hakina. Ukikosea hapa, rudi kwenye vibanio, usisonge mbele.

Kuruka kilele

Kwenye G2 chora mstari wa pili kwa penseli hafifu, ukipanda polepole. Hicho ni kiasi cha saiklini B. Kwa nini basi mstari mweusi haupandi polepole, bali unaruka? Kwa sababu kila CDK1 inayoungana na saiklini B inabandikwa fosfeti ya kuizuia na Wee1. Jozi zinarundikana, tayari lakini zimefungwa mdomo. Cdc25 ndiye anayeitoa fosfeti hiyo. Na CDK1 chache zikishafunguliwa humchochea Cdc25 na kumnyamazisha Wee1, kwa hiyo zilizobaki zinafunguka karibu zote kwa mpigo. (Jina Wee1 limetokana na neno la Kiskoti lenye maana ya "dogo": kikundi cha Nurse kule Edinburgh kiliona hamira zisizo na protini hiyo zinagawanyika kabla hazijakua.)

DNA ikikatika, protini ATM na ATR hupiga mbiu, Chk1 na Chk2 humfungia Cdc25, na mstari mweusi hauruki. Mbiu hiyo hiyo hufika kwa p53, anayewasha p21, na p21 hukaa juu ya CDK na kuizima. Karibu nusu ya saratani za binadamu zina p53 iliyoharibika. Seli hizo hunakili na kugawanya DNA ambayo zingepaswa kusimama na kuitengeneza kwanza.

Mkasi uliofungwa

Hapa nilikuwa nafundisha uongo. Nilikuwa nikisema nyuzi za spindeli, zile kamba za protini zinazovuta kromosomu, huvuta kromatidi, yaani nakala mbili za kromosomu zilizofungwa pamoja, hadi zinaachana, kana kwamba ni mvutano ndio unaozitenganisha. Mwombe mtu akushikie: yeye avute kamba moja, wewe nyingine, mkiwa pande mbili za meza. Pete za karatasi zinashikilia, nanyi mnahisi mvutano mikononi. Hivyo ndivyo kromosomu zilivyo katikati ya seli. Zinavutwa muda wote na haziachani. Mvutano wenyewe ni habari: ukikosekana, kimeng'enya Aurora B huzing'oa nyuzi zilizoshika vibaya ili zijaribu tena.

Sasa chukua mkasi, ukaze mipini yake kwa uzi isifunguke. Mkasi ni separasi, uzi ni sekurini. Anayekata uzi ni APC/C, mashine ya protini nyingi inayobandika yubikwitini kwenye kile kinachotakiwa kusagwa, na proteasomu inamaliza kazi. Lakini APC/C inamhitaji msaidizi, Cdc20, na msaidizi huyo amekamatwa. Kila kinetokori, kishikio cha protini kilicho juu ya sentromia ya kila kromatidi, ambayo bado haijashikwa na nyuzi za spindeli inatoa ishara, na Mad2 na wenzake wanaishika Cdc20 kwa ishara hiyo. Kinetokori moja tu iliyochelewa, kati ya 92 za seli ya binadamu, inatosha kuisubirisha seli nzima. Dawa kama vinkristini huvuruga nyuzi za spindeli, na seli inakwama hapo hapo ikisubiri.

Ya mwisho ikishikwa, Cdc20 inaachiwa. Kata uzi wa mkasi. Kata pete. Kama mwenzako alikuwa anavuta kwa dhati, kamba zitaruka kila moja upande wake, na mtacheka, maana hata ukijua itatokea inakushtua. Kwenye seli ni hivyo pia: kusubiri kwa muda mrefu, kisha kromatidi dada zote zinaachana karibu kwa pamoja.

Swali langu la mtihani nililipendalo ni hili: nini kingine kilichosagwa katika dakika zile zile? Saiklini B. APC/C ile ile. Rudi kwenye karatasi yako uone mstari mweusi unavyoanguka wima. CDK ikizimika, fosfeti zinaondolewa, kiini kinajifunika upya, seli ya mnyama inajikaza kiunoni kwa aktini na miosini hadi inakuwa mbili. Jeminini nayo imesagwa. Mstari uko chini ya mwekundu. Chukua vibanio vyako.

Vunja ulichojenga

Wanafunzi wangu hujifunza zaidi hapa kuliko kote nyuma. Ondoa kitu kimoja, uendeshe mzunguko upya. Ondoa jeminini, huku Cdt1 ikiachwa isisagwe: bana kibanio kwenye kamba iliyokwisha kunakiliwa uone fujo yake, nakala tatu hapa, mbili pale. Ondoa Mad2: mkasi unafunguliwa kabla kamba zote hazijashikwa, na seli moja inabaki na kromosomu pungufu. Ondoa Rb: alama ya X inafutika. Tengeneza saiklini B isiyoweza kusagwa: pete zinakatwa, kamba zinaachana, lakini mstari mweusi unagoma kushuka na seli inakwama ndani ya M. Hili la mwisho wengi hulikosea, wakidhani kamba hazitaachana. Zinaachana, maana sekurini imesagwa kama kawaida.

Usiipeleke karatasi hii kwa bakteria. *Escherichia coli* haina saiklini wala CDK. DnaA ndiyo inayofungua sehemu yake moja ya kuanzia, SeqA inaifunika kwa muda isianze tena mara moja, na FtsZ inajipanga kuwa mkanda pale seli itakapokatikia. Kunakili jozi zake milioni 4.6 huchukua dakika 40 hivi, ilhali katika mazingira mazuri hugawanyika kila dakika 20, kwa sababu huanza duru mpya kabla ya ile ya zamani kwisha. Kanuni yangu ya herufi kubwa haiishi humo.

Yule binti nilimwonyesha vibanio kipindi kilichofuata. Alivisogeza hadi mwisho, akatazama kamba tupu, kisha akauliza swali jingine: seli ambayo haigawanyiki tena, kama ya neva, vibanio vyake viko wapi? Safari hii nilikuwa na jibu. Hazinavyo. Seli ikijitoa kwenye mzunguko, mstari mweusi hulala chini na MCM hupotea taratibu, ndiyo maana wataalamu wa maabara huweza kuitia rangi MCM kwenye kipande cha nyama ya mwili na kuona, kwa kuhesabu viini vilivyokolea, ni seli ngapi bado ziko njiani.